Goti Lililoshonwa

Pasiansi, Mwanza
12 Machi 1977

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima pamoja na Mama, na kwamba mvua za huko Kisesa hazijaharibu pamba ya kijiji. Hapa kwa dada Suzana wote ni wazima, ila mimi nimechoka. Nimechoka kulala, nimechoka kukaa, na nimechoka kuulizwa habari za goti.

Najua nawe unangoja habari hizo hizo. Plasta imetolewa. Mguu umekonda mpaka Suzana akacheka, kisha akaenda jikoni kulia. Asubuhi najikongoja na gongo hadi ufukweni, na wanawake wanaoanika dagaa wakiniuliza kama nimepona, najibu ndiyo ili nipite.

Daktari alinieleza ugonjwa wenyewe kabla ya kunipasua, lakini maneno yake yalinishinda. Aliyenifafanulia ni muuguzi mmoja Mhaya, Adventina. Alisema kati ya mfupa wa paja na ule wa muundi kuna gegedo, limekaa kama ngata kati ya kichwa na mtungi. Langu lilichanika nilipogeuka ghafla huku mguu umezama kwenye udongo, kipande kikakunjika na kulibana goti, ndiyo maana halikunyooka. Mara nyingi hukatwa likatupwa. Langu lilichanika ukingoni, palipo na damu, kwa hiyo wakalishona.

Nilimuuliza kama dawa ya mtu inaweza kuchana kitu hicho. Akasema vijana wa mpira huja na magoti kama langu kila mara, na hajasikia timu ikisema wamerogwa wote.

Usikasirike, Baba. Siku ile ya mashindano ya ngoma nilianguka na jembe la kuchezea mkononi, ngoma ikiwa imekolea, na umati wote ukatuacha sisi Bagalu ukahamia kwa Bagika, kundi tunaloshindana nalo tangu enzi za Babu, nao wakashinda. Ukasema Chenge, manju wao, amenitupia dawa. Ukanifungia ndani kwa mapenzi yako, mganga akalichanja goti chale juu ya chale, nami nikakaa na mguu uliopinda tangu mavuno hadi mvua za vuli. Sikulaumu, maana hata mimi niliamini.

Lakini ujue aliyenifikisha hospitali. Ulipokwenda kwenye mkutano wa kijiji, Chenge aliingia nyumbani, akaniambia amechoka kuitwa mchawi kwa mguu ambao hajaugusa, akanibeba mgongoni hadi barabarani kwenye lori la pamba. Mama alinifungia shuka. Usimgombeze.

Sasa Suzana ananiambia umempelekea mganga ng'ombe yule mwekundu, ili siku nitakayopona nimwangushe Chenge mbele ya wilaya nzima. Anasema umewaambia watu kwamba bila mimi ngoma ya Babu imekufa.

Hapo ndipo ninapotaka kufika, nami nimelizungukia jambo hili wiki nzima. Juzi daktari alilikunja goti, akalinyoosha, akalipima huku na huku. Akasema, "Mshono umeshika. Msimu huu pumzika, wa mwakani utacheza."

Adventina alipiga makofi. Mimi niliinama nikajidai nafunga kiatu, maana nilihisi nimetwishwa tena mzigo niliokuwa nimeutua.

Ningeweza kukuandikia kwamba nimekatazwa. Ungesikitika, ungewalaani Bagika, nami ningebaki mwanao aliyeonewa. Hakuna aliyenikataza, Baba. Goti ni zima. Mimi ndiye sitaki. Nimechanjwa dawa za ngoma tangu sijaota ndevu, na kila msimu nimefundishwa mtu mpya wa kumchukia, na yule niliyemchukia kuliko wote ndiye aliyenibeba. Ngoma yenyewe naipenda, na kukuandikia haya kunaniuma kuliko kisu cha daktari. Lakini sitaingia tena uwanjani.

Msalimie sana Mama, na majirani wote wanaoniulizia. Suzana na mumewe wanakuamkia. Mwisho wa mwezi ujao nitakuja kukuamkia mwenyewe. Ukiona ni lazima unifukuze, nakuomba unifukuze baada ya Mama kuniona nikitembea.

Ni mimi mwanao,
Nkwabi