Mzee Nandonde, Wamekubandika Ubaoni

Mzee Nandonde,

Shikamoo. Habari ya kwanza: tangu tukuzike, kuanzia Chamazi mpaka Mbezi Beach hakuna fundi wa maji anayenifikia mie. Bahari yenyewe ikitaka kuchujwa, itauliza kwanza, "Shabani yupo?" Kiti chako nakikalia mie. Buti zako nimezijaribu, zinanibana. Usinune, miguu ya wakubwa ndivyo ilivyo.

Sasa nikwambie kilichonikaa kooni. Nina hasira, Mzee.

Wamekubandika ubaoni. Pale pale kwenye geti la kiwanda, wanapobandikaga ratiba za zamu, kuna karatasi ina muhuri: utando wa kuchujia maji umeharibika kwa uzembe wa fundi wa zamani. Fundi wa zamani ni nani kama si wewe? Meneja kasema kikaoni kwamba ulikuwa unatia dawa kwa kukisia, kwamba cheti huna. Wewe! Uliyekuwa unapima dawa kwa kijiko kimoja na kukisawazisha kwa kisu! Uliyenirudisha kusoma mita mara ya pili kwa sababu ya kwanza nimesoma "kama mtu anaangalia mpira"!

Tena wanajisahaulisha. Kabla yako, maji ya rangi za vitenge yalikuwa yanamwagwa mtaroni, leo mekundu, kesho ya bluu, mpaka bata wa majirani wakawa kama wamevaa jezi. Mashine zikichemka, kiwanda kizima kinasimama kusubiri lori la boza la maji. Mtambo wa kuchuja maji ulipoletwa, wenye suti walitueleza kwa michoro, tukaitikia kwa kichwa, hakuna aliyeelewa. Wewe ukakata vitunguu kantini, ukavitia chumvi, ukasema, "Ngojeni." Maji yakaanza kujaa kwenye sahani.

"Nani kavikamua?" ukauliza.

Nikasema jini. Ukanizaba kofi la kisogo. "Chumvi, mjinga wee! Chumvi inavuta."

Ndipo nikaelewa, mie niliyetoroka shule kidato cha pili. Huku maji machafu ya rangi, kule maji ya chumvi kali, katikati utando. Chumvi inayavuta maji safi polepole, bila pampu kubwa ya kuyasukuma, na uchafu unabaki nyuma unashangaa. Halafu tunayatenga na chumvi, yanakwenda kupoza mashine. Hata yule injinia aliyekuja kukagua alikuwa anakuuliza wewe, na wewe ukijibu huku unakunywa chai yako ya rangi kama hakuna kitu.

Leo boza limerudi. Mtaro umeanza tena kubadilika rangi. Na kila anayepita getini anasoma ile karatasi, anatikisa kichwa. "Kumbe yule mzee!" Watu uliowafuturisha, Mzee. Watu waliolibeba jeneza lako.

Alhamisi mkeo, Bi Somoe, alikuja kuchukua vitu vyako. Nikamfungia koti na redio kwenye kanga. Tulipofika getini akasimama mbele ya ubao, akasoma polepole kwa kidole, mstari kwa mstari. Kisha akanigeukia.

"Shabani mwanangu, miaka yote ile mume wangu hakuwahi kurudi nyumbani na lawama. Ni kweli kawaharibia?"

Mie, ninayebishana mpaka na redio, nikatazama chini. Nikasema, "Mama, hayo wanajua wakubwa." Alijitwisha kifurushi akaenda zake.

Humu baruani nimeshamsema meneja, nimeusema muhuri, nimewasema waliokaa kimya kikaoni. Kimya nilikaa na mie. Ngoja nimalize.

Siku tuliyokuzika nilitoka mtamboni wa mwisho. Nilijua nitakaa matangani siku tatu, na sikutaka mtu aseme fundi kafa kaacha uchafu. Kwa hiyo nikamwaga maji yote. Nikasuuza kila bomba. Nikaacha mifuniko wazi, pakauke vizuri, kama mama anavyofudikiza masufuria yake akiwa anasafiri. Nilisimama nikapatazama, nikajisifu, nikasema Mzee angeona hapa angefurahi. Na ulishaniambia, tena si mara moja, kwamba utando ule ukishalowa hautakiwi kukauka tena, ukikauka umekufa. Siku ya nne nikarudi, nikafungulia maji, nikakaa kusubiri. Nilisubiri mpaka adhuhuri. Hakikuja kitu.

Jumatatu, kikao cha asubuhi, nitasimama niyaseme haya mbele ya meneja na zamu zote mbili. Nitaibandua karatasi kwa mkono wangu, halafu niende moja kwa moja kwa Bi Somoe kabla hajasikia kwa mwingine. Wakinifukuza, wanifukuze, nimekuahidi.

Pumzika, Mzee wangu. Hukuuharibu wewe ule utando. Niliukausha mie.

Shabani