Nailoni Juu ya Godoro

Alhamisi, tarehe 12 Juni. Asubuhi Tosamaganga: ukungu mzito, baridi ya kuuma masikio, kioo cha mbele kimelowa kama kimenyeshewa.

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri nikiwa na hofu. Nikaiandika kwanza, kama kawaida yangu, ili nijue ninaogopa nini hasa. Yalikuwa mambo mawili. La kwanza, gari-nyumba letu lina urefu wa mita nane na leo ni siku ya tisa tu tangu nilishike. La pili, baba mkwe.

Anayesoma blogu hii kwa mara ya kwanza aelewe hivi. Mimi ni Mhehe wa Iringa, nimeolewa na Mnyakyusa. Kwetu baba mkwe anaheshimiwa, basi. Kwao, kwa wazee wanaoshika mila, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani kabisa. Hawaongei, hawalali chini ya paa moja, na wakikaribia kukutana njiani mwanamke anaingia kichakani. Vijana wengi wameacha. Baba mkwe hajaacha. Kwa miaka kumi na moja ya ndoa nimeuona mgongo wake tu. Tukienda kwake Uyole, nje kidogo ya mji wa Mbeya, mimi hulala kwa jirani.

Mwezi uliopita alikwenda kumtembelea binti yake, wifi yangu Tumpe, kule Igowole. Akateleza uani, akavunjika nyonga, akaletwa huku hospitali ya Tosamaganga kufanyiwa upasuaji. Leo ameruhusiwa kurudi Uyole. Daktari alisisitiza mara mbili: asafiri amelala chali, asikae kitako safari nzima, la sivyo nyonga inaweza kuchomoka na kazi yote ianze upya.

Ndipo mume wangu Ambakisye aliposema, "Si tuna kitanda chenye magurudumu?"

Tunacho. Gari tulilinunua ili tuwakodishe wageni wanaokwenda mbugani. Lina kitanda, jiko la gesi, tangi la maji la lita mia mbili, na choo ambacho mpaka sasa sijakielewa vizuri. Ambakisye ni mwalimu, leseni yake ni ya pikipiki. Mimi nimeendesha basi la shule kwa miaka sita. Kwa hiyo dereva ni mimi.

Nimebandika orodha kwenye dashibodi. Funga mtungi wa gesi. Bana milango ya kabati. Kunja ngazi. Tazama matawi ya juu. Jana, kuingia tu hospitalini, nilisahau kabati na vikombe vitatu vikamwagika sakafuni. Tulilala humo humo, kwenye maegesho, ili tuwahi asubuhi.

Saa mbili walimleta kwenye machela. Nilikuwa nimeshakaa kwenye usukani, kanga kichwani, pazia nyuma ya kiti changu limefungwa. Machela ikasimama mlangoni. Nikamsikia.

"Hili ni gari au nyumba?"

"Gari, Baba," Ambakisye akajibu.

"Lina jiko?"

"Dogo tu."

"Na kitanda. Kitanda analalia nani?"



Hapo ndipo nilipoelewa kosa letu. Tulikuwa tumepima mlango kama machela itapita. Tulikuwa tumehesabu mito. Hatukuwaza kwamba mzee anaweza kupanda gari ninaloendesha mimi, lakini kulala kwenye kitanda cha mke wa mwanawe hawezi, hata nyonga ichomoke. Akasema watafute basi, atakaa kama watu wengine.

Tumpe, aliyekuwa akimuuguza, akadakia. "Baba, kitanda kipya hicho! Hakijalaliwa na mtu. Godoro bado liko na nailoni yake."

Nakiri hapa kwa sababu siwezi kukiri kwingine: nailoni niliivua jana jioni. Tulikilalia.

Tumpe akaingia, akafunga mlango eti anapanga mito, akachungulia kwenye pazia. "Nailoni iko wapi, we Mhehe? Fanya upesi!" Ilikuwa kwenye droo chini ya sinki, nimeikunja, maana mimi situpi kitu. Tukalivisha godoro kama mnavyomvalisha sweta mtoto mkaidi. Shuka zetu akazisokomeza chooni. Nikarudi kwenye kiti changu, nikafunga pazia, na baba mkwe akaingizwa.

Safari nzima nimeisikia ile nailoni. Kila kona, kwaru. Kila tuta, kwaru kwaru. Kila ilipolia niliusikia uongo wetu.

Mazungumzo yalikuwa hivi: Baba anamwambia Tumpe aliyekaa miguuni pake, Tumpe anamwambia Ambakisye kiti cha mbele, Ambakisye ananiambia mimi. Jibu linarudi kwa njia ile ile, ingawa pazia ni kitambaa chepesi na mzee ameshasikia.

"Anauliza tumefika wapi."

"Nyololo."

"Nyololo," Ambakisye akageuka.

"Nyololo, Baba," akasema Tumpe, kisha kwa sauti ya chini, "Jamani, nimekuwa mnara wa simu."

Nilicheka kidogo. Ilikuwa mara ya mwisho kwa muda mrefu.

Baada ya Makambako barabara inaanza kushuka kuelekea Igawa. Kwenye basi la shule ningeshuka kwa gia ndogo bila hata kufikiri. Gari hili ni otomatiki, halina klachi, na mimi nikaamini kwamba litajua lenyewe la kufanya. Tena asubuhi nilikuwa nimejaza tangi la maji mpaka juu, kwa utaratibu wangu huu wa kutaka kila kitu kijae. Mbele yangu lori la mizigo lilikuwa likitambaa, nyuma lingine limenibana. Nikakanyaga breki. Nikaendelea kukanyaga. Maji yalikuwa yakisukuma tangini, na kila mara gari lilichelewa kidogo zaidi kutii.

Kisha pedali ikalainika.

Nyuma nailoni ikalia kwa nguvu. Nikamsikia mzee akisema, "Tumpe, waambie breki zinanuka." Tumpe akapaza sauti, "Amba, Baba anasema breki!" Ambakisye akanigeukia, mdomo wazi, akaanza, "Baba anasema—"

"Mama Lusajo!"

Lusajo ni mwanangu. Sikuwahi kusikia jina langu hilo kinywani mwa baba mkwe.

"Mama Lusajo, ondoa mguu. Usizikandamize. Kanyaga, achia. Kanyaga, achia. Tafuta gia ya pili, injini ndiyo ikushike."

Nikausogeza mkono wa gia upande wenye alama za kuongeza na kupunguza, nikapunguza mara mbili. Injini ikanguruma hadi nikadhani inapasuka. Tako la lori la mbele lilikuwa karibu kiasi cha kusoma maandishi yote.

"Iache ipige kelele," akasema. "Umeshika?"

"Nimeshika, Baba."

Maneno yangu ya kwanza kwake.

Gari likapunguza mwendo, kidogo, kisha kidogo tena. Bondeni nikaegesha pembeni. Magurudumu yalikuwa yanafuka moshi. Tukasubiri karibu saa nzima yapoe, na mimi nikafungua koki nikamwaga nusu ya maji. Baba mkwe aliendesha malori ya Zambia kwa miaka ishirini na mitano. Nilikuwa nalijua hilo kama mtu anavyojua habari za kusikia. Kutoka hapo hadi Uyole aliongea kwa kupitia Tumpe, kama asubuhi.

Tulifika saa kumi na mbili jioni. Vijana wa jirani wakamshusha. Nilitazama mbele, kanga imenifika kwenye nyusi, nikisubiri wamwingize ndani ili nikaombe malazi yangu ya kawaida.

Machela ikasimama karibu na dirisha langu.

"Tumpe," akasema, kwa sauti ya kutosha watu wawili, "hiyo nailoni itoeni, wenye kitanda walale vizuri. Tangu lini godoro jipya likanuka mafuta ya kichwa?"

Tumpe alishika mdomo.

"Na mwambie Mama Lusajo asihangaike kwa jirani. Nyumba yake akaiegeshe pale penye migomba."

Asubuhi alisema hatalala juu ya kitanda chetu. Alijua tangu alipoweka kichwa chini, na alilala hivyo hivyo hadi Uyole. Sijui alijisamehe vipi. Sijui pia kesho nikimsikia anakohoa dirishani nitamsalimia au nitajifunika tena.

Kwenye orodha nimeongeza: Maji nusu. Mteremkoni, gia kabla ya breki.

Nailoni nimeikunja nikairudisha kwenye droo. Nje ni baridi, migomba inagusa paa. Saa nne na dakika arobaini, nazima taa.