Hita Iliyogoma Wiki ya Jicho

Jumatatu, 14 Januari

Nyuzi arobaini na saba chini ya sifuri. Hita ya gari imegoma! Nazungusha kitufe kutoka buluu hadi nyekundu – hewa ni ile ile, baridi kama ya ghalani. Na Ijumaa saa tano asubuhi Matryona anapasuliwa jicho mjini Yakutsk, ng'ambo ya mto. Mke wangu amengoja nafasi hii miezi minane. Akiikosa anarudi mwisho wa foleni, na jicho halingoji. Jana alimimina chai pembeni ya kikombe.

Teksi ya kijiji imejaa hadi Jumapili.

Nadhani ni kilango cha hewa nyuma ya dashibodi. Hicho ndicho kinachochanganya hewa ya moto na ya baridi. Kikikwama, kitufe huzunguka bure.

Jumanne, 15 Januari

Nusu siku nimefungua dashibodi, vidole ganzi. Kilango kizima kabisa.

Basi ni themostati. Nikamweleza Matryona: ikikwama wazi, maji ya injini hayapati muda wa kupata moto... Akasema maelezo yangu yangekuwa kuni, tungeota moto hadi Mei. Nimebadilisha themostati. Bado.

Jumatano, 16 Januari

Amekuja jirani, Prokopy. Nilimfundisha fizikia miaka thelathini iliyopita. Gari lake liko msituni na mkwewe, la sivyo angetupeleka mwenyewe. Aliacha injini ipate moto, akashika hozi mbili, mipira ya kupitisha maji ya hita. Moja inaunguza, nyingine baridi.

"Mwalimu, maji yanaingia, hayatoki. Rejeta ndogo ya hita imeziba. Hata mimi uliyekuwa ukinipa alama mbili kati ya tano kila muhula nalijua hilo."

Akaifungua. Likatoka tope la manjano. Akanusa. "Haradali! Mwalimu, hii ni rejeta au sahani ya soseji?"

Ni mimi. Septemba rejeta kubwa ilivuja. Nikatia unga wa haradali, vijiko vitatu, kama alivyofanya marehemu baba. Unga huvimba majini ukaziba tundu. Kweli huziba! Ila haujui kuchagua tundu – na hita yote ni vijinjia vyembamba. Nadhani tangu Jumatatu nilikuwa nalijua hilo, mahali fulani. Nikatafuta kilango. Nikatafuta themostati.

Matryona alikuwa mlangoni, amesikia yote. "Kumbe," alisema. Basi. Bora angefoka.

Alhamisi, 17 Januari

Tumeisafisha mara nne kwa maji ya moto, tukigeuza mkondo. Sasa injini ikivuta, joto lipo. Ikinguruma polepole, joto linakufa.

Prokopy: "Njiani litawatosha, Mwalimu. Ila msisimame."

Ijumaa, 18 Januari, saa tatu asubuhi

Tumesimama.

Naandika kwa penseli. Lori limekwama katikati ya mto ulioganda na askari wamefunga njia ya juu ya barafu. Mbele yetu magari tisa. Kando kuta za theluji – hakuna pa kugeuzia. Nyuzi hamsini na moja. Sakitu, ule umande ulioganda, imeanza kuota kiooni, upande wa ndani.

Nikikanyaga mafuta gia ikiwa huru, joto linarudi na mshale wa mafuta unashuka. Nimepiga hesabu: dakika arobaini, kisha hayatatosha kufika mjini.

Nikaanza kumweleza: pampu ya maji hufuata mwendo wa injini, kwa hiyo...

"Mzee, kanyaga au acha. Usinifundishe."

"Unasikia baridi?"

"Hapana." Akavuta blanketi la ngozi ya sungura hadi puani.

Sasa hivi dereva wa gari la mbele amegonga kioo. Kijana mmoja mcheshi. "Babu, hapa mnagandisha samaki? Mimi naelekea hospitali ileile, mke wangu kajifungua. Kwangu kuna joto, ila nina kiti kimoja. Bibi aje." Nikamwambia asubiri kidogo, tushauriane.

Amerudi garini mwake kungoja. Nikamweleza Matryona: gari siwezi kuliacha, likizimika haliwaki tena hadi Aprili. Na huko hospitali nani atamshika mkono, nani atamsomea karatasi? Amevua blanketi, amelikunja, ameliweka magotini mwangu. Anapapasa kitasa cha mlango. Hakioni. Na mimi bado naandika –