Uchafu Niliokwenda Kuuomba kwa Salumu

Wewe unayesugua sponji ya chujio la tangi la samaki kwa jivu, weka chini hiyo sponji! Weka chini sasa hivi. Nani alikufundisha ujinga huo?

Mimi nilijifundisha mwenyewe, ndiyo maana nakugombeza kwa sauti.

Leo Alhamisi hapa Kasulu mvua imenyesha tangu alfajiri, matope mpaka mlangoni, na mimi nacheka peke yangu sebuleni kama mwendawazimu. Jumatatu sikuwa nacheka.

Mzee wangu Gervas yuko Kibondo, amekwenda kumsaidia dada yake kuezeka nyumba. Ameniachia tangi lake la kioo lenye samaki wadogo wa mapambo. Mmoja ni mwekundu, ana mkia kama upanga, mzee anamwita Bwana Harusi. Kila jioni anapiga simu. Hasemi "hujambo mke wangu". Anasema, "Bwana Harusi amekula?" Miaka yote niliyompikia huyu mtu, mimi sijaulizwa kama nimekula.

Sasa, kwetu mtu akirudi safari anaikuta nyumba imesuguliwa. Mama yangu alinilea hivyo: sufuria kwa jivu, vibuyu kwa jivu, hata kigoda kwa jivu. Jumamosi nikaliangalia lile tangi, nikaona sponji ya chujio ina utelezi wa kahawia kama ulimi wa mgonjwa. Nikaona aibu. Mgeni akiona atasema nini juu yangu? Nikaitoa nikaisugua kwa jivu, nikaisuuza kwa maji ya bomba yenye dawa, nikaianika juani. Changarawe za chini nazo hivyohivyo. Maji nikayamwaga karibu yote, nikatia mapya. Tangi likang'aa kama kanisa siku ya Pasaka.

Nikajisifu.

Jumatatu Bwana Harusi alikuwa juu kabisa, mdomo wazi, anahema kama mzee aliyepanda mlima na mzigo wa kuni. Wenzake wamejikunyata pembeni. Nikamwona akilini mzee wangu akishuka kwenye basi na kukuta tangi tupu.

Wa kwanza kulaumiwa akawa jirani yangu Mama Eliya, kwa sababu kila akija huwatupia samaki ugali. Nikamfuata kwake, nikamwambia mbele ya mumewe, "Umewashibisha samaki wa watu mpaka wanakufa!"

"Ee Bibi, kwa chembe ya ugali? Mbona mimi unanishibisha kila siku na sijafa?" akajibu Mama Eliya.

Nikaondoka bila kuaga.

Mzee ana dawa ya kupimia maji. Unachota maji ya tangi kwenye kichupa, unatia matone, unatikisa, unasubiri, halafu unalinganisha na kadi ya rangi. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini rangi sihitaji kusomewa. Ikiwa njano kama ndizi mbivu, maji ni salama. Ikienda kijani, maji yana sumu inayotokana na uchafu wa samaki wenyewe.

Yangu ilitoka kisamvu.

Maji meupe pe, unaweza kusoma Biblia ukiiweka nyuma ya tangi, kumbe sumu tupu!

Mjini kuna Salumu, mwenye duka, ambaye babu yake alikuja huku na biashara kutoka pwani. Yeye ndiye aliyetuuzia tangi, na la kwake liko pale dukani. Wiki iliyopita nilisimama mbele ya wateja nikamwambia tangi lake ni bwawa la kambare, aje kwangu ajifunze usafi. Basi nilizunguka nyumba yangu kama kuku anayetafuta pa kutaga. Mwisho nikajifunga kitenge, nikaenda.

"Mwakeye, Salumu," nikamsalimia huku napiga makofi, desturi yetu Waha. Niliyapiga marefu kuliko siku zote. Mwenye shida hupiga makofi marefu.

"Karibu Bi Mkubwa. Umekuja kunifundisha usafi?"

"Nyamaza unisikilize. Samaki wa mzee wanakufa."

Akaniuliza nimeosha nini. Nilipofika kwenye jivu akashika kichwa. "Yaa Rabi! Na changarawe?"

"Na changarawe."

"Bibi, mle kwenye utelezi kuna vijidudu, havionekani kwa macho. Ndivyo vinavyokula ile sumu. Umeviua vyote."

Nikaelewa palepale. Nani asiyejua chungu cha kuvundikia muhogo? Chungu kilichosuguliwa kikang'aa, muhogo unakaa humo mgumu kama kuni. Chungu cha zamani, ukiacha maji ya jana kidogo chini, unalainika upesi. Nimevundika muhogo tangu usichana, na haikunijia kwamba samaki nao wana chungu chao.

"Basi nipe uchafu wako," nikamwambia.

"Sema tena, wateja hawajasikia."

"Salumu, nitakuchapa!"

Akacheka mpaka akashika mizani. Akakata kipande cha sponji yake nyeusi, akakitia kwenye kopo lenye maji ya tangi lake. Akaniagiza nibadilishe maji robo tu kila siku, yawe yaliyolala wazi kwenye ndoo ili dawa ya bomba itoke, na samaki wasipewe chakula mpaka rangi irudi.

"Hata Bwana Harusi?"

"Hata yeye. Harusi imeahirishwa."

Nikapanda bodaboda nimelipakata kopo kama mtoto mchanga. Kijana akauliza, "Bibi, hiyo asali?" Nikamwambia aangalie barabara.

Kile kipande nikakitia kwenye chujio. Jumanne rangi ilikuwa bado kijani. Jana, ndizi inayoanza kuiva. Leo nimetikisa kichupa, nikakipeleka mlangoni kwenye mwanga, nikasimama mvua inanirushia matone.

Njano.

Bwana Harusi anafukuza majike tangi zima, hana haya hata kidogo.

Mama Eliya nimempelekea mkungu wa ndizi. Neno lenyewe la kuomba radhi bado limenikwama kooni, lakini mkungu ni mkubwa.

Wewe Gervas, najua dada yako anakusomea haya kwenye simu huko Kibondo. Ndiyo, ni mimi niliyeliosha tangi lako, heri usikie kwangu kuliko kwa Salumu. Ukifika Jumamosi, vua viatu mlangoni na usiiguse ile sponji. Na kabla hujalitazama tangi, niulize mimi kwanza kama nimekula.