Damu ya Zephaniah

Voi,
Alhamisi, 12 Machi 1998

Kwa Dada yangu Saadiya,

Asalaam aleikum. Natumai waraka huu utakukuta mzima, wewe na wanao, na kwamba goti lako limetulia baada ya mvua hizi za El Nino. Sisi huku hatujambo. Nuha ametokwa na meno mawili ya mbele, siku hizi anacheka huku amefunika mdomo, na anakuamkia shangazi yake. Barabara ya Maungu bado ni mbovu, kwa hivyo nimempa Kilonzo barua hii mkononi. Anapanda treni leo usiku. Tafadhali isome mpaka mwisho kabla hujafunga mkoba wako wa safari ya Jumamosi.

Najua barua yangu ya kwanza ilikukosesha usingizi. Wajua mimi na wifi yako Rayhana tunafanya kazi maabara moja. Ilipotokea nafasi ya masomo Nairobi, ya kujifunza mashine mpya ya kuhesabu chembe za kinga, tuliomba sote wawili. Akachaguliwa Rayhana. Nilimpongeza mbele ya watu, nikambebea sanduku mpaka stesheni, kisha nikarudi nyumbani kuunguza sufuria.

Alikuwa akipiga simu ofisini kunisimulia. Mashine hiyo hupitisha chembe za damu moja moja mbele ya mwanga, na kila chembe huwa nukta kwenye kioo cha kompyuta. Halafu mtaalamu mwenyewe huchora mstari kuzizunguka zile anazotaka zihesabiwe. Mstari huo wanauita geti. Nilisikiliza nikiuma meno, maana kazini mimi ndiye mkubwa wake.

Kisha katika masimulizi yake akaingia Zephaniah. Huyu ni mwenzake darasani, Mdawida wa Werugha, huko Taita, aliyeajiriwa Nairobi. Kila asubuhi mashine hujaribiwa kwa damu mbichi ya mtu mwenye afya, na Rayhana alikuwa akimtoa damu Zephaniah. Nikaambiwa damu yake ni nzuri ajabu, chembe zimejipanga makundi makundi, hazichanganyiki. Dada, nimemwoa miaka minane. Damu yangu ameitazama mara moja tu, akaniambia nina malaria.

Tangu siku hiyo, kila nikifumba macho, nilimwona akimfunga kamba ya mpira mkononi, akimwambia kwa upole akunje ngumi. Ndipo nikakuandikia uje na Ami Ayub tumweke kikao, ajieleze, na asipojieleza arudi kwao Taveta.

Rayhana alirudi Voi Jumatatu. Nikawa nangoja mfike. Jana akatukusanya kwenye chumba cha mashine, maana nasi tumeletewa moja kama ile, akaomba mtu wa kutoa damu. Watu wakatazama viatu vyao. Katika kliniki kama yetu, inayopima ukimwi, hakuna apendaye kinga yake ihesabiwe mbele ya wenzake, na mimi pia niliogopa. Lakini Alexander, mwenzetu anayekaa meza ya pili, alipoanza kukunja shati, wivu ukaniinua kabla sijafikiri. Nikanyoosha mkono. Rayhana alitoa damu kwa mkono mwepesi hata sikuisikia sindano, na hesabu, alhamdulillahi, ilikuwa njema.

Nukta zangu zilipojaa kwenye kioo, akaniachia kiti nichore geti mimi. Nilichora kwa uangalifu, karibu kabisa, isiingie hata chembe moja isiyohusika. Akainama begani kwangu, akasema kwa sauti ya mwalimu:

"Umebana mno, Baba Nuha. Ukiogopa za kigeni hivyo, zako mwenyewe zinabaki nje."

Alikuwa akisema habari za damu. Wenzangu wakaandika. Mimi nilishindwa kuinua macho.

Dada, kuna jambo sikukuandikia. Yote niliyokushtakia kuhusu Zephaniah, Rayhana alinieleza mwenyewe kwa kinywa chake, akicheka, bila kuulizwa. Hakunificha chochote. Wivu niliokuwa nao haukuwa wa mwanamume yeyote. Niliionea wivu ile nafasi. Nilitaka niwe mimi ninayepiga simu, na yeye ndiye anayesikiliza. Mke wangu alinishinda kwa haki, na nikaona ni rahisi zaidi kumfanya mkosefu.

Kwa hivyo hakuna kikao tena. Ami Ayub mwombe radhi kwa niaba yangu, au mwambie reli imekatika. Wewe ukipenda njoo, na wifi yako akikuuliza kilichokuleta, sema ni meno ya Nuha. Hayo mengine nitamwambia mimi.

Wasalimie wote hapo nyumbani, mkubwa kwa mdogo, na usiache kuniombea dua.

Nduguyo,
Miraj

Nimesahau: mwezi ujao Zephaniah anakuja kuikagua mashine, na nimesema alale kwetu. Mimi sikuuliza, lakini Alexander aliyewahi kumwona asema ni mfupi.