Sura Yako na Mwizi wa Ndizi

Dar es Salaam

Mume wangu mpenzi Projestus,

Hujambo, roho yangu? Unakula vizuri, au unapika ndizi mara moja unazila siku mbili? Kifua cha mama kimepoa? Mimi mzima, ila kila nikiandika "mume wangu" natabasamu peke yangu, mpaka wenzangu wa ofisini wamenichoka.

Ningekupigia, lakini habari hii simuni ningeicheka tu nisiimalize.

Unaikumbuka picha niliyokuchora tulipokuwa wachumba, ukisukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi kwenye kilima cha Ihembe? Niliichora kwa ajili ya ile filamu ya katuni ya ofisi yetu. Kabla filamu haijatengenezwa, wachoraji tulichora picha nyingi za kujaribu: watu, nyumba, barabara. Baadaye filamu ikaonekana ndefu, sehemu ya barabarani ikakatwa, nawe ukakatwa nayo. Nililia, sikukuambia.

Kumbe picha za namna hiyo hazitupwi. Sasa tunatengeneza katuni ya watoto ya televisheni, ya vipindi vingi, na muda ni mfupi. Basi kiongozi wetu, dada Mwanaidi, akafungua kompyuta yenye picha zilizobaki, tukaanza kuchagua. Nyumba ya mhunzi imekuwa shule. Chui aliyekataliwa amepunguzwa madoa ili awe rahisi kuchorwa mara nyingi, sasa ni paka. Kisha ukatokea wewe, moyo wangu ukaruka.

"Huyu hapa!" dada Mwanaidi akapiga makofi. "Mwizi wetu wa ndizi! Uangalieni huo mwanya. Sura ya mwizi kabisa!"

"Dada, huyo ni mume wangu."

Wote wakageuka kuniangalia. Halafu mmoja akasema, "Jamani, shemeji!" Wakacheka mpaka wakashika meza.

Mimi sikucheka. Nilimwambia kwetu Karagwe mtu akiitwa mwizi wa ndizi, jina hilo linakaa kwenye nyumba yake mpaka kwa wajukuu. Watoto wa kijijini kwetu Nyakakika wangekuona unapita na baiskeli, wakakuimbia. Mama angeuficha wapi uso wake?

Dada akaacha kucheka. "Nakuelewa, Adventina. Lakini picha ni ya ofisi, na mwizi tunamhitaji. Niletee sura nyingine ya kuchekesha kama hii, huyu nitamwacha."

Nilipekua picha zote. Wazee walikuwa wapole mno, na wanawake wamevaa shanga nyingi ambazo hakuna atakayekubali kuzichora kila siku. Mwishowe nikaenda kwenye kioo, nikajiangalia, nikajichora: mashavu yangu haya unayoyabana, kitenge kisicho na maua, mkungu kichwani mkubwa kuliko mimi, macho yanahangaika huku na huku.

"Huyu!" akasema dada. "Huyu hata akiiba, watoto watamsamehe."

Basi mpenzi, mwizi ni mimi. Wakicheka, wanicheke mimi niliyejichora kwa mkono wangu. Mwambie mama mapema, asije akasikia kwa jirani. Mwambie mkwewe haibi, anaigiza.

Na wewe hukurudi kompyutani kulala! Umekuwa mwenye kibanja, shamba lile la migomba ninaloliibia. Wamekuondolea vifungo na mistari ya shati, na walitaka kuuziba mwanya wako, lakini huo niliupigania, umebaki. Kila kipindi unanifukuza migombani huku baiskeli ikiangushwa na paka. Nikikuchora unakimbia, mkono unakataa kuacha.

Mama mpe shikamoo yangu kwa mikono miwili. Msalimie wifi yangu anayekusaidia kuanika kahawa, na baba mdogo aliyetusimamia kanisani. Mwambie wifi viatu vya harusi alivyoniazima bado ninavyo, asivitafute.

Katuni imepangwa hivi: unanifukuza siku zote na hunikamati kamwe. Krismasi nitakuja nyumbani, na nakuahidi nitakimbia polepole.

Mkeo anayekupenda kuliko jana,
Adventina