Watoto Wanawaigiza Wafadhili, na Wafadhili Wenyewe Wako Njiani

Mshauri mpendwa, shikamoo, naomba unisaidie kabla sijachanganyikiwa, maana tangu juzi mtu akipiga hodi nashtuka kama mwizi. Mimi ni mwalimu wa sanaa wa watoto huku kwetu mwisho wa barabara, mahali ambapo gari likifika watu wanatoka nje kulitazama. Darasa langu ni ghala la zamani la nafaka tulilolipaka rangi wenyewe, watoto wanakuja jioni baada ya shule, wanachora, wanafinyanga, wanapiga ngoma, wanaigiza, na vyote tunavifanya kwa lugha yetu ya nyumbani, ambayo tunaoizungumza ni wachache na shuleni hawaitaki, mtoto ikimponyoka wenzake wanamcheka na mwalimu anamwambia aiache mlangoni. Kwangu hawaiachi mlangoni, ndiyo maana wanakuja.

Sasa darasa hili linaishi kwa ufadhili, mshauri, rangi, karatasi, chakula cha watoto, posho yangu, vyote vinatoka kwa shirika moja la mjini, na shirika lazima lione kazi yake, kwa hiyo kila mwaka linaleta wageni, na anayewaongoza ni mama mmoja tunayemwita Madamu, mtu mwema, simsemi vibaya, ila hajui hata neno moja la lugha yetu, na mkalimani ni mimi. Safari hii waliomba igizo la kunawa mikono, tukakubaliana, nikawaachia watoto walitunge wenyewe kama kawaida yetu, nikaenda kumuuguza mama yangu, niliporudi igizo limeshaiva lakini mikono haimo wala maji hayamo. Wameigiza ziara ya wageni!

Ni igizo zuri kuliko yote tuliyowahi kufanya, sijui nicheke au nilie. Madamu wao ana miwani ya karatasi, anakumbatia kila mtoto huku akimwambia mpiga picha, "Hebu piga nyingine, huyu hakutabasamu," na maneno yote hayo anayasema kwa lugha yetu, hapo ndipo watu wanavunjika mbavu. Katikati yupo mkalimani, amejifunga kitambaa cha maua, kitambaa changu, mshauri, walikichukua kwenye msumari bila kuniuliza! Mtoto mmoja anasema, "Kiti hiki kimevunjika mguu," mkalimani anainama kwa adabu, anamgeukia Madamu, "Anasema anashukuru sana kwa viti." Mwingine anasema, "Nina njaa, hawa wanaondoka saa ngapi?" Mkalimani anainama tena, "Anasema anatamani mngekaa zaidi." Watoto wakaanguka chini kwa vicheko, na mimi nikacheka nao, halafu nikaingia stoo nikajifungia, kwa sababu hayo hawakuyatunga. Niliyasema kweli, tena mbele yao.

Na anayeigiza mkalimani ni binti wa jirani yangu mchoma mkaa, sote tunamwita Kimya, maana shuleni hata akiitwa haitiki, mwalimu wake aliwahi kusema huenda hasikii vizuri. Huyo Kimya leo anasimama katikati ya ghala na sauti yake inafika barabarani. Mama yake alikuja kwenye mazoezi, akanishika mkono akaniambia, "Mwalimu, kumbe huyu..." akageuka kumtazama tena.

Basi nishike lipi? Nikilifuta igizo nimemfunga mdomo Kimya, nikiliacha Madamu ataaibika mbele ya wakubwa wake, ufadhili utakatwa, na mkono mtupu haulambwi, hao watoto nitawaita waje kuchora kwa kitu gani, kwa mkaa ukutani? Mume wangu, fundi baiskeli, hana wasiwasi hata chembe, ananiambia, "Mama watoto, kwani wageni wanaelewa? Waache watoto wacheze, wewe watafsirie kunawa mikono. Wageni watapiga makofi, watoto watafurahi, kila mtu aende kwake." Na naona aibu kukwambia, mshauri, nimeshaanza kuyafanyia mazoezi maneno hayo nikiosha vyombo. Wanakuja mwisho wa mwezi, naogopa, nisaidie.

Mimi, Mkalimani Mwenye Hofu

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwalimu. Kunywa maji kwanza. Nimeicheka barua yako mpaka mhariri akaja kuchungulia kuna nini, kisha nikafika kwa fundi baiskeli kicheko kikakauka. Mwambie mumeo pancha anaziweza, ila hii si pancha, asiibandike kiraka.

Nakuhurumia. Hukudanganya kwa ubaya. Ulikuwa unalinda chakula cha watoto kwa kuwapaka wageni mafuta kwa mgongo wa chupa, na mbele ya mwenye fungu wengi tumefanya hivyo, mimi nikiwamo. Lakini hebu niambie, kile kiti kimetengenezwa? Naapa bado. Nani atakutengenezea kiti ambacho umeshakitolea shukrani?

Halafu unasema unamwogopa Madamu. Siamini. Madamu umemtaja kwa upole kabisa, ila kitambaa chako umekililia kama umeibiwa ng'ombe. Kinachokuuma ni kwamba watoto wamekuona. Na wamekuonaje? Kwa sababu hiyo lugha ya wageni wanafundishwa shuleni kila siku! Umeshughulika na wasioelewa lugha yenu mpaka ukasahau kwamba watoto wanaelewa ya wageni.

Sasa jaribu kuyaona hayo unayoyafanyia mazoezi kwenye vyombo. Kimya amesimama mbele ya watu, ameitoa sauti ambayo shule nzima haijawahi kuisikia, na wewe pembeni unainama: "Anasema tunawe mikono." Mgeni hatajua kitu. Mtoto atakusikia. Atajua kwamba hata kwako, mahali pekee ambapo lugha yake haiachwi mlangoni, anaweza kusema hivi ikatoka vile, naye amesimama palepale. Ukimfanyia hivyo, usiniandikie tena kuniuliza kwa nini amerudi kunyamaza.

Mpigie Madamu simu leo, usingoje wiki ya ziara. Mwambie waziwazi: watoto wametunga kichekesho kuhusu ziara zenu, wewe umo, mimi nimo, na ninayechekwa kuliko wote ni mimi. Mwambie na kwa nini unachekwa, uongo wa viti na njaa utoke kinywani mwako wewe. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imefika ukutani. Mpe nafasi ya kulimeza hilo akiwa peke yake ofisini, maana hakuna mtu mzima anayependa kushtukizwa mbele ya bosi wake.

Kunawa mikono mliahidi, na ahadi ni deni. Wachukue wale wadogo, watunge wimbo mfupi, wafungue nao shughuli. Hakuna aliyewakataza kuwa na igizo la pili.

Atakubali? Sijui. Wapo wenye fedha wasiopenda kujitazama kwenye kioo. Akikataa, muulize kwa adabu, lakini umuulize: hizi fedha ni za kuwafundisha watoto kutunga, au kushukuru? Jibu lake likiwa baya utaumia, rangi zitaisha, posho itakatika, na itabidi uzunguke kwenye milango mingine ukiomba. Sikufichi. Ila ghala litabaki, lugha itabaki, na watoto watakaa na mwalimu wanayemwamini. Bila huyo, Madamu hata akileta lori zima la rangi, hawatakuchorea kitu cha maana.

La mwisho halina mjadala. Siku ya wageni hutafsiri wewe. Chagua mtoto mkubwa mwenye ulimi mwepesi, atafsiri neno kwa neno, matamu na machungu. Wewe nenda ukakae kwenye benchi la wazazi, karibu na mama yake Kimya. Ukiona ulimi unakuwasha kusaidia, ung'ate. Miaka yote umewasemea watoto hawa. Siku hiyo wasikilize mpaka wamalize.